Bunduki ni somo la mwisho: maswali yenu kuhusu farasi vijana wa safari za kuwinda

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wenye farasi wa miaka miwili hadi mitano, na karibu zote zinaanza na mlio wa bunduki. Nimechagua chache. Zilizofanana nimeziunganisha, mnisamehe.

Mwalimu, shikamoo. Nina farasi dume wa miaka miwili na nusu, mkubwa wa umbo kuliko wenzake. Naweza kwenda naye kuwinda msimu huu?

Marahaba. Kwenda naye, ndiyo. Kumpanda kutwa nzima milimani, hapana. Ukubwa wa umbo unadanganya. Mifupa ya magotini hukomaa mapema, karibu na umri huohuo wa miaka miwili na nusu, ila ya uti wa mgongo hukomaa mwisho, miaka mitano na zaidi. Na tandiko linakaa mgongoni, si magotini.

Mchukue akiwa mtupu, afuate nyuma ya farasi mzee mtulivu. Avuke mito, aruke magogo, alale porini, asikie sauti za usiku. Hayo ni masomo tosha kwa mwaka mmoja. Atakapoanza kubeba, jumla ya kilicho mgongoni isizidi moja ya tano ya uzito wake. Farasi wa kilo 450 basi anabeba kilo 90. Mwindaji wa kilo 80 mwenye tandiko la kilo 15 ameshapita kipimo kabla hajaweka bunduki wala chupa ya maji. Pima kwa mizani, usikadirie kwa jicho.

Nimzoeshe vipi mlio wa kwanza wa bunduki? Rafiki yangu anasema nimfunge kwenye nguzo imara, nipige risasi hadi atulie.

Rafiki yako hajakosea kwamba atatulia. Amekosea kuhusu maana ya utulivu huo. Farasi aliyefungwa akaona hana pa kukimbilia hufika mahali anakata tamaa. Kwa nje anafanana na aliyezoea, lakini siku kamba itakapokuwa mkononi mwako tu, porini, hofu yote aliyoimeza itatoka kwa mkupuo.

Fanya hivi. Kwanza acha bunduki kabatini. Mfundishe kamba: ukivuta kidogo anasogea, akisogea unalegeza papo hapo. Farasi hajifunzi kutokana na kuvutwa, anajifunza kutokana na kule kulegezwa. Akishaelewa kwamba kila usumbufu una mwisho, na mwisho huo uko kwenye miguu yake mwenyewe, umeshamaliza nusu ya kazi ya bunduki bila kugusa risasi.

Kisha kelele ndogo: makofi, ubao unaoanguka, bati. Kisha bunduki ndogo ya kaliba .22, mikononi mwa msaidizi, umbali wa mita 200, wakati farasi wako anakula pembeni ya farasi mzoefu. Wewe usitazame bunduki, tazama taya. Mlio ukipiga, masikio yatasimama na kutafuna kutakoma. Hesabu kimoyomoyo. Akirudi kutafuna kabla hujafika tano, umbali huo unamfaa. Akiacha chakula akageuka, mko karibu mno, msaidizi arudi nyuma. Risasi tatu au nne kwa siku, basi. Kesho sogeeni hatua 20 au 30, si zaidi. Bunduki kubwa ikija, mnarudi tena mita 200 na kuanza upya, maana kwa masikio yake huo ni mnyama mwingine kabisa.

Watu wengi husahau kitu kidogo: mlio wa bolti, kile chuma cha kuvuta na kurudisha kinachosukuma risasi ndani ya bunduki. Farasi ni mwepesi wa kuunganisha mambo. Akisikia "klak-klak" kisha kishindo mara tano, mara ya sita anaanza kucheza miguu kwenye "klak" ya kwanza, nawe hujalenga hata. Kwa hiyo vuta na kurudisha bolti ya bunduki tupu mara mia ukiwa naye zizini, na kila mara mkune shingoni. Sauti hiyo iwe haina maana yoyote.

Na mlinde masikio. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuumiza sikio kwa pigo moja, na farasi husikia sauti nyembamba hadi kama hezi 33,000 wakati binadamu huishia kwenye 20,000. Niliwahi kununua farasi aliyesifiwa sana kwamba "hajui kushtuka". Kweli, alisimama kama mlima. Baada ya wiki nilidondosha ndoo nyuma yake zizini, hata sikio moja halikugeuka. Alikuwa kiziwi. Kuna vizibo vya sufi vya masikio ya farasi. Mzoeshe navyo mapema.

Akishazoea, naweza kupiga nikiwa mgongoni?

Hapana. Shuka, mpe mwenzako hatamu au mfunge, tembea hatua kadhaa hadi mahali anapokuona, kisha piga ukiwa umeelekeza mtutu mbali naye. Kupiga juu ya masikio yake ni kumwumiza, na kulenga juu ya kitu kinachopumua ni kukosa.

Farasi jike wangu hana shida na mlio, ila nikiweka bunduki kwenye ala, ule mfuko wa bunduki unaofungwa kwenye tandiko, chini ya goti langu, anarusha mateke. Tatizo ni nini?

Tatizo si bunduki, ni fimbo ngumu inayomgonga ubavuni kila hatua. Tafuta gogo lenye uzito wa bunduki yako, kilo nne hivi, litie kwenye ala, umtembeze nalo kwa kamba siku kadhaa kabla hujapanda. Mpitishe kwenye vichaka ili kitako kinase matawi na kuachia. Kisha hamishia ala upande wa pili uanze tena. Usicheke: jambo alilolikubali kwa jicho la kushoto, kwa jicho la kulia anaweza kulishtukia kama geni.

Upande usio na bunduki weka mzigo wa uzito huohuo, la sivyo tandiko litapinda na utamlaumu bure. Chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, iwe tupu muda wote bunduki ikiwa kwenye ala. Na ukishuka, shuka nayo. Farasi akitimka huku ala imejaa, mnabaki wawili msituni: wewe na mawindo yako, na bunduki inakwenda zake.

Damu. Akinusa tu anarudi nyuma akikoroma. Wazee wanasema nimpake puani.

Nimeona ikifanywa na siipendi. Harufu anayoiogopa umemgandisha nayo mwilini, hawezi kuikimbia wala kuikubali. Afadhali omba ngozi mbichi kwa mwindaji mwenzako, ifunge kwenye gunia, ivutwe chini nyuma ya farasi mzoefu huku wako akifuata. Kitu kinachomkimbia hakimtishi. Baada ya dakika chache udadisi unamshinda, anasogeza pua mwenyewe. Siku nyingine gunia linaning'inia kwenye tandiko la mwenzake, siku nyingine kwenye lake.

Mkibeba nyama, gawa pande mbili kwa mizani ya mkono. Tofauti ya kilo moja au mbili inavumilika, ikizidi tandiko litageuka kwenye mteremko. Ncha za pembe zifungwe kwa gunia. Pembe ikimchoma ubavuni mara moja, kazi yako ya mwaka mzima imekwisha.

Usiku kambini nimfunge wapi?

Kwenye kamba iliyokazwa kati ya miti miwili, juu kuliko kichwa chake. Kamba yake iwe ndefu kiasi cha pua kufika chini, isiwe ndefu kiasi cha mguu kuingia. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Mfundishe nyumbani, usiku mzima, kabla ya safari. Na apate maji kwanza: lita 25 hadi 45 kwa siku, zaidi akifanya kazi nzito.

Nitajuaje kwamba yuko tayari?

Panda, simama, kisha vua koti la mvua na ulivae tena ukiwa juu yake, kwenye upepo. Sitanii. Farasi haoni moja kwa moja nyuma ya mkia wake, na kitu kinachopiga kelele na kupepea kutoka huko kwake ni chui. Nimeona watu wengi wakiangushwa na koti kuliko na bunduki.

Ninayempanda sasa ilimchukua miezi minane kuzoea bunduki, ngozi na pembe. Koti la nailoni lilimshinda. Siku hizi navaa la kitambaa, nalowa kidogo.