"Jolly as a sandboy": huyu si mtoto

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hadithi ya Kiingereza ya enzi za Malkia Victoria. Mzee mmoja anaelezwa kuwa "as jolly as a sandboy", na jirani yake ni "as pleased as Punch", yaani amefurahi kama Punch. Nimeandika "mchangamfu kama mtoto wa mchangani", mhariri akanirudishia. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Mhariri yuko sahihi. Ukisema mtoto wa mchangani, msomaji anawaona watoto wakicheza ufukweni, na mzee wako ameshapotea.

"Boy" hapo ni yule yule tuliyemwita "boi" majumbani: mtu mzima anayeitwa mtoto kwa sababu ya kazi yake. Sandboy alikuwa mchuuzi wa mchanga. Wenye baa waliununua, wakaumwaga sakafuni ili unyonye bia na matope, kisha wakaufagia nje na kumwaga mwingine. Wachuuzi hao walisifika kwa ulevi. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens, katika riwaya yake The Old Curiosity Shop (1840–41), ana nyumba ya wageni iitwayo The Jolly Sandboys, na kibao chake kimechorwa sandboy watatu wakiwa na magudulia ya bia na mifuko ya dhahabu. Umeiona furaha yenyewe? Ni ya mtu aliyekunywa, asiyewaza kesho. Mimi ningeandika "mzee alikuwa raha mustarehe". Nilifikiria pia "kama aliyetoka kilabuni", lakini kilabu kinamvuta msomaji hadi kwenye pombe ya mtama, na huyu ni Mwingereza. Mwache kwao.

Punch ni furaha nyingine kabisa, na hapa ndipo watafsiri wengi wanateleza kwa kuandika "alifurahi sana" kote kuwili. Punch ni kikaragosi mwenye pua ya kupinda, aliyeingia Uingereza kutoka Italia. Samuel Pepys, Mwingereza aliyejulikana kwa shajara yake, alitazama mchezo wa vikaragosi wa namna hiyo Covent Garden, London, Mei 1662. Kazi ya Punch ni kutandika watu fimbo, kisha kujisifu kwa sauti ya filimbi. Furaha yake ina majivuno ndani. Kwetu mtu huyo anatembea kifua mbele.

Kwa hiyo rudi kwenye ukurasa ule uangalie jirani amefurahia nini. Kama amemshinda mtu, "kifua mbele" ndiyo yenyewe. Kama amepata mjukuu, andika "meno yote nje".