Maneno ya Kiingereza na wenziwe: kwa mnaoanza kazi ya barua

Wadogo zangu mnaoingia ofisi za uwakala wa mizigo hapa Mombasa, kazi yenu kubwa itakuwa barua za Kiingereza. Nimeziandika miaka 11. Sarufi mmekuja nayo kutoka shuleni. Kitakachowasumbua ni kujua neno gani huandamana na lipi.

Tazameni Kiswahili chenu. Twapiga simu, twapiga picha, twapiga pasi, twapiga mswaki. Mgeni akikwambia "nimefanya simu" utamwelewa, lakini sikio litashtuka. Kiingereza nacho kina mazoea yake: simu huenda na "make", picha na "take", na pasi na mswaki kila kimoja kina kitenzi chake.

Kosa ninalolisahihisha karibu kila wiki ni "We request for a waiver", tunapoiomba kampuni ya meli itusamehe ada ya kontena lililochelewa kurudishwa. Hiyo "for" ni ya nomino: "our request for a waiver". Kitenzi hakiitaki: "We request a waiver". "Discuss" ni vivyo hivyo. Kuna "a discussion about the delay", lakini tukisema tulijadili, ni "we discussed the delay", basi. Na "emphasise" haitaki "on", ingawa "emphasis" yaitaka. Shikeni sana hapa, maana makosa mengi ya ofisini huzaliwa hapa.

Kisha kuna "revert". Ofisini kwetu wengi huitumia kwa maana ya kujibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mteja wa Uingereza, "Kindly revert on the old rate", nikitaka jibu lake kuhusu bei ile. Kwake yeye "revert" ni kurudia hali ya zamani, akadhani namwomba airejeshe bei ya zamani, akakataa. Siku tatu barua zikapishana, kontena limelala Kilindini na gharama zapanda. Iliniuma. Tangu hapo naandika "Please reply by Thursday".

Ukishuku kifungu, kitie ndani ya alama za kunukuu ukitafute kwenye intaneti, kisha uangalie wanaokitumia ni nani. Kikionekana kwenye barua za maofisi tu na magazeti ya Uingereza hayanacho, kiache.

Na mwishoni ni "I look forward to hearing from you", si "to hear". Ukianza na "Dear Sir", funga na "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu, "Yours sincerely".