Kozi ya siku 20 itanifanya mwalimu wa yoga? Na maswali yenu mengine

Toleo lililopita tuligusa maumivu ya mgongo nikataja yoga kwa mistari mitatu tu, basi barua zimemiminika. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zingine, naomba mnivumilie, hili jambo liko moyoni kwangu.

SWALI: Habari dada. Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Mwanza. Nilianza yoga mwaka jana kwa kuangalia video za YouTube chumbani kwangu, na imenisaidia sana maana nilikuwa silali usiku. Sasa nimeona tangazo la kozi ya mtandaoni, siku 20 tu unapata cheti cha masaa 200 cha kimataifa. Wageni hapa hotelini wanaulizia mwalimu wa yoga kila mara na hayupo. Je nichukue mkopo nilipie? Na nyie walimu mlianzaje? Dada wa mapokezi, Mwanza.

JIBU: Mdogo wangu, hapo uliposema ulikuwa hulali usiku nimesimama nikasoma tena. Hujaanza na hoteli wala cheti, umeanza na usingizi, na karibu kila mwalimu ninayemjua ameingilia mlango kama huo, mwili au roho ilikuwa inamsumbua akatafuta pa kushika.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Kariakoo miaka kumi na moja. Ukikaa kwenye kile kistuli toka asubuhi mpaka magharibi, shingo imeinama, mguu kwenye pedali, mgongo unakudai. Ikafika siku nikawa siwezi kuinuka kitandani mpaka mwanangu anishike mkono. Hospitali walinipa dawa za maumivu na karatasi ya mazoezi, nikaiweka kabatini. Aliyenivuta ni mteja wangu, bibi mmoja wa Kihindi wa Upanga niliyekuwa namshonea blauzi za sari, aliniona navyopima nguo huku nimeshika kiuno akaniambia njoo kwangu kesho saa kumi na mbili asubuhi, usinywe chai kwanza. Nilienda kwa heshima tu maana ni mteja. Sebuleni walikuwa wamama watano wamekaa chini wanapumua, basi, wanapumua tu, na mi nikakaa pembeni nikafuata. Wiki ya tatu nikainama kumfunga mtoto viatu, ndo nikashtuka kwamba nimeinama.

Kufundisha sikukuomba. Nilikaa pale sebuleni miaka mitatu na kitu, afu bibi akasafiri kwenda India kufanyiwa operesheni ya goti, akaniachia funguo akasema wewe utawasimamia. Nikakataa, akasema basi watakaa bila mtu, nikachukua. Na mwezi huohuo nikamuumiza mtu. Mama mmoja alikuwa ameinama kugusa vidole vya miguu, hafiki, nikamsukuma mgongoni kwa mkono kidogo tu nikidhani namsaidia, msuli wa nyuma ya paja ukavutika, akachechemea wiki nne. Alinisamehe, lakini mpaka leo nikitaka kumgusa mwanafunzi naomba ruhusa kwanza, na mara nyingi naishia kusema kwa mdomo tu. Nakuambia hili kwa sababu hakuna video iliyonifundisha hilo, na sijui kozi ya siku 20 ingenifundishaje.

Sasa tuje kwenye hesabu. Masaa 200 gawanya kwa siku 20 ni masaa 10 kila siku, bila kupumzika hata Jumapili. Wewe uko zamu hapo mapokezi, utayapata wapi? Ina maana utabonyeza video ziende huku unaandikisha wageni. Hiyo namba 200 yenyewe imeenea kwa sababu ya Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999, wao wanaorodhesha shule na walimu kwa viwango vya masaa 200 na 500. Ni orodha ya watu wa fani, wala sio serikali inayokupa leseni kama ya udereva. Sisemi cheti ni kibaya, mi mwenyewe nilikuja kukipata baadaye na kilinisaidia hasa kwenye somo la mifupa na misuli. Ila cheti kilinikuta tayari nina wanafunzi na makosa yangu kichwani, ndo maana kila somo lilipata mahali pa kukaa.

Angalia hata wale wakubwa. B.K.S. Iyengar, yule ambaye mtindo wake umeenea dunia nzima, alizaliwa mwaka 1918 Bellur kusini mwa India akiwa mgonjwamgonjwa, malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, vyote vilimpitia. Mwaka 1934 shemeji yake Krishnamacharya, aliyekuwa anafundisha yoga kwa mfalme wa Mysore, kusini mwa India, akamwita kwake, na hakumbembeleza hata kidogo, alikuwa mkali sana. Mwaka 1937 akamtuma Pune, mji mwingine wa India, kufundisha, kijana wa miaka 18, kiingereza cha kuungaunga, na mbele yake wanafunzi wengine wana nguvu kuliko yeye! Alijifunza kufundisha kwa kufundisha huku anajipima kwenye mwili wake mwenyewe kila siku masaa kwa masaa. Baadaye ndo akina Yehudi Menuhin, mpiga fidla maarufu, wakaja kukutana naye, mwaka 1952, na Menuhin ndiye aliyemfungulia njia ya Ulaya.

Au huyu ninayempenda zaidi, Indra Devi. Mzaliwa wa Riga, mji wa Latvia ya leo, 1899, mzungu, mwanamke. Alipoomba kufundishwa na huyohuyo Krishnamacharya akakataliwa, mpaka mfalme wa Mysore akamwombea. Akawekewa masharti magumu ya chakula na ratiba, akayashika yote. Mwisho yule mwalimu aliyemkataa ndiye aliyemwambia nenda ukafundishe. Akafungua darasa Shanghai, na mwaka 1947 akahamia Marekani, akafungua studio Hollywood. Alifariki 2002 akiwa na miaka 102. Unaona, naye hakujitangaza, aliambiwa.

Na ukisema hayo ni ya zamani na ya mbali, njoo Nairobi. Paige Elenson, Mmarekani mwalimu wa yoga, alikuwa safarini Kenya akaona vijana wa sarakasi wanasimama kwa mikono, akashuka akajiunga nao, urafiki ukaanza pale. Mwaka 2007 ikazaliwa Africa Yoga Project, na vijana wengi wa mitaa kama Kibera wakasomeshwa wakawa walimu, wanalipwa kwa kufundisha, tena wanaenda mashuleni na magerezani. Wale wa sarakasi miili yao ilikuwa imeshafunzwa miaka, kilichobaki ilikuwa kujifunza kumwongoza mtu mwingine ambaye hajawahi hata kugusa goti lake kwa paji la uso.

Kwa hiyo mkopo usichukue, nakusihi. Anza na wenzako wawili wa hotelini baada ya zamu, nusu saa, bure, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita. Andika kwenye daftari nani aliumia wapi, nani hakurudi na kwa nini. Tafuta mwalimu wa ana kwa ana hata kama ni mara moja kwa mwezi, akuone mgongo wako, maana kioo na simu havikuambii kama bega limepanda. Wageni waambie ukweli kwamba wewe ni mwanafunzi unaweza kufanya nao, sio kuwafundisha. Ukimaliza hiyo miezi na bado unaamka alfajiri kwa hamu, niandikie tena tutafute kozi ya kukaa na watu.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu hakuna anayekisema. Utajifunza kwa kiingereza na kisanskriti, ile lugha ya kale ya India, lakini utafundisha wamama wa Mwanza, kwa hiyo jiandae na maneno. Mimi nilihangaika. Ukisema kiuno mtu anafikiria ngoma, anaanza kukizungusha, kumbe unataka nyonga. Nikakaa chini nikaandika orodha, nyonga, kidari, kisogo, kifundo cha mguu, unyayo, mbavu, uti wa mgongo. Siku nilipomwambia mama mmoja "panua mbavu kama mwamvuli" badala ya maneno ya kozi, akavuta pumzi ambayo hakuwahi kuivuta toka ameanza kuja. Hiyo kazi ya maneno ni yako wewe, hakuna atakayekufanyia.

SWALI: Sasa dadangu. Mimi ni mwendesha boda Kisauni, miaka 34, mgongo wa chini unaniua kila jioni. Mke wangu ananiambia nijaribu yoga lakini maboi wa stage wananicheka ati ni mambo ya wanawake. Ni kweli? Na nifanye nini cha haraka? Mwanaboda.

JIBU: Kaka, pole sana kwa mgongo. Pale Mysore miaka ya 1930 hilo darasa la ikulu lilikuwa la wavulana, na Indra Devi aliyekuja kugonga mlango alikataliwa kwa sababu ni mwanamke, nimetoka kumsimulia hapo juu. Waeleze hao maboi.

Cha haraka ni hiki. Pikipiki ikiwa imesimama imara, simama pembeni yake, weka viganja viwili juu ya siti, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mikono inyooke na mgongo ulale kama meza. Magoti yakunje kidogo, usiyakaze. Pumua kwa pua mara nane taratibu, afu rudi kwa kutembea mbele, usiinuke ghafla. Fanya kila ukimaliza safari ndefu. Jioni lala chali chini, miguu iweke juu ya kiti, magoti yamekunjika, dakika kumi tu bila simu. Ila kama maumivu yanashuka mguuni pamoja na ganzi au mguu unakosa nguvu, hilo ni la daktari kwanza, na ukianza kushindwa kuzuia mkojo au choo nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kesho.

SWALI: Assalam aleikum. Nimejiunga na darasa la yoga mtaani kwetu Tanga, presha yangu imetulia na nafurahi, lakini jirani kaniambia nimeingia kwenye ibada ya Kihindu bila kujua. Nimekosa amani. Mama Salma.

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. Jirani yako hajasema uongo wote na mimi sitakuficha. Yoga imetoka India, imelelewa ndani ya dini za kule, na neno lenyewe kwa kisanskriti linatokana na kuunganisha, kama unavyofunga ng'ombe wawili kwenye nira. Kuna madarasa wanatamka Om, neno takatifu la dini hizo, na nyimbo za ibada, na kuna madarasa ni viungo na pumzi tu. Wanazuoni nao hawajasema neno moja. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga kwa Waislamu pale inapochanganywa na matamko ya ibada, na siku chache baadaye waziri mkuu wa wakati ule, Abdullah Badawi, akasema mazoezi yasiyo na matamko yanaruhusiwa. Saudia yenyewe, Novemba 2017, iliiandikisha yoga kama shughuli ya michezo, baada ya juhudi za miaka za mwanamke mmoja wa kule, Nouf Marwaai, aliyeingia kwenye yoga kwa sababu ya maradhi, kama wewe na mimi.

Ushauri wangu, muulize sheikh unayemwamini, ila umweleze kinachofanyika darasani kwenu hatua kwa hatua, usimtajie jina tu. Na mwambie mwalimu wako wazi usichotaka kutamka. Darasani kwangu wapo Waislamu, Wakristo, Wahindu, tunahesabu pumzi kwa namba basi, na ikikaribia adhana tunamaliza. Mwalimu akikasirika kwa ombi lako hilo, hama. Dawa za presha usiziache bila daktari kukuambia, hata kama kipimo kimeshuka.

SWALI: Nina miaka 63, magoti mabovu, siwezi kukaa chini nikainuka. Yoga ishanipita? Na mkeka ule wa plastiki ni lazima? Bibi wa Kigamboni.

JIBU: Haijakupita bibi, shikamoo. Yule Iyengar niliyemtaja, moja ya kazi zake kubwa ni kuingiza viti, mikanda, kamba na matofali ya mbao ili mwili wowote ufike. Tafuta kiti cha mbao kisicho na matairi, kiegemeze ukutani. Kaa mbele kidogo ya siti, nyayo zote zimegusa sakafu, khanga ikunje uweke chini ya makalio kama siti ni ngumu. Nyanyua mikono ukivuta pumzi, shusha ukitoa, mara sita. Afu geuka taratibu kulia kama unamwangalia mtu aliyekuita kwa nyuma, shika mgongo wa kiti, pumua, rudi, geuka kushoto. Kuinamisha kichwa chini ya moyo usifanye kama una presha ya macho au ya damu. Mkeka wa plastiki usinunue, kwako wewe hauna kazi. Ule wa ukindu pia ukunje uweke mbali, kwenye tailizi unateleza na kiti kitateleza nao. Miguu iwe peku, na wiki hii ya kwanza mjukuu akae karibu.