Mzio na Figo: Daktari Anawajibu Wasomaji

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 43, ninaishi Hombolo, Dodoma. Kila kiangazi, upepo unapoanza kutimua vumbi, hupiga chafya mfululizo na macho huniwasha, nami hununua vidonge vya mzio kwenye duka la dawa muhimu, pamoja na diklofenaki za kutuliza kichwa. Mwaka huu ninaamka nikiwa nimevimba uso, hasa kuzunguka macho, na jirani anasema mzio umeshaingia kwenye figo. Je, jambo hilo linawezekana?

JIBU: Marahaba, dada yetu. Mzio wa vumbi, ule wa chafya na macho kuwasha, kwa kawaida hauharibu figo. Hata hivyo, huo uvimbe wa asubuhi umenitia wasiwasi, na sipendi uendelee kuumezea vidonge kabla haujapimwa.

Uvimbe wa mzio machoni huja na muwasho na wekundu, na mara nyingi hupungua kwa dawa ya mzio. Uvimbe unaotokana na figo hauwashi. Huonekana usoni asubuhi kwa kuwa ulikuwa umelala, kisha kadiri siku inavyosonga maji hushuka miguuni, hata jioni viatu vikabana, na ukibonyeza muundi kwa kidole hubaki kishimo. Angalia pia mkojo wako: povu jingi lisilokatika upesi huweza kuashiria kwamba protini inavuja.

Kuna ugonjwa mmoja wa figo za kuvuja protini ambao huwapata zaidi watoto, lakini kwa watu wazima wenye uvujaji mkubwa wa namna hiyo huchangia takriban wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100. Wenye asili ya mzio huonekana miongoni mwa wagonjwa hao zaidi kuliko ilivyotarajiwa, ingawa hilo halimaanishi kwamba vumbi ndilo lililowaumiza. Wengi wao hupata nafuu kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, inayotolewa chini ya uangalizi wa daktari.

Ninachokihofia zaidi kwako ni diklofenaki. Dawa za kundi lake, ikiwemo ibuprofeni, zinaweza kuanzisha ugonjwa huo niliokutajia, na zinaweza pia kuzua mzio ndani ya figo zenyewe, yaani kinga ya mwili ikaivamia nyama iliyo kati ya mirija midogo ya figo. Mzio huo wa dawa huletwa vilevile na jamii ya penisilini, septrini, omeprazoli ya tumbo na rifampisini ya kifua kikuu. Wengine hupata homa na vipele, lakini wengi hawaoni dalili hizo, na tatizo hugunduliwa tu pale kreatinini (taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu) inapopanda kwenye kipimo cha damu. Dawa iliyosababisha ikisimamishwa mapema, figo mara nyingi hurudi katika hali nzuri. Ikiendelea kutumika, makovu huweza kubaki. (Anayetumia dawa za kifua kikuu asiziache kwa kusoma hapa, amwone daktari wake kwanza.)

Kwa hiyo acha diklofenaki leo, kwa kichwa tumia parasetamoli kwa kipimo chake, na wiki hii nenda kituo cha afya upimwe mkojo, presha na kreatinini. Beba maboksi ya dawa zote ulizotumia, pamoja na za mitishamba. Mkojo ukionyesha protini nyingi, omba rufaa. Hapo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za kibingwa za figo. Midomo au ulimi vikivimba ghafla na pumzi ikabana, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

SWALI: Baba yangu, mkazi wa Kondoa, ana ugonjwa wa figo wa muda mrefu. Hujikuna usiku kucha ingawa hana vipele, na tumeshambadilishia sabuni mara nyingi. Je, ni mzio?

JIBU: Kwa maelezo yako, inaelekea muwasho huo ni wa figo zenyewe. Figo zikidhoofika sana, ngozi hukauka, taka hubaki mwilini na madini ya fosfati huweza kupanda katika damu. Mpakeni mafuta mazito yasiyo na manukato mara baada ya kuoga, na mwombeni daktari wake apime fosfati. Dawa za mzio humsaidia kidogo mgonjwa wa namna hii, na mojawapo, setirizini, hutolewa mwilini kupitia figo, hivyo asipewe kipimo cha mtu mwenye figo nzima.