Lushoto hadi Mtae kwa miguu: ngojeni masika yapite

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na wenzako mnaweza kutembea Lushoto hadi Mtae mwezi wa Aprili, mabegi mgongoni na mahema. Safari yenyewe naiunga mkono kabisa, ila Aprili hapana. Masika ya Usambara udongo ule mwekundu unateleza kama mlenda, na mteremkoni mzigo ndio unaokuangusha. Ngojeni Juni hadi Septemba. Usiku kuna baridi kali, watu wa Tanga mjini huwa hatuiamini mpaka itukute, kwa hiyo bebeni sweta nzito na soksi za kulalia tu, zisizoguswa mchana.

Piteni msitu wa Magamba (ni hifadhi, lipeni kiingilio), halafu Lukozi, Rangwi, kisha Mtae. Rangwi masista hupokea wageni, pigeni simu mapema.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji. Vijito vinapita katikati ya mashamba ya kabichi na nyanya, na mashamba hayo hupigwa dawa. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa ya shambani haiondoi. Chukueni maji ya bomba la kijiji, au chemchemi iliyo juu ya mashamba, wenyeji watawaonyesha.

Chakula msijitwishe kingi, njiani kuna magulio na vibanda vya chai. Tafuteni kijana wa huko awaongoze, maana vijia vya mashambani vinagawanyika kila kona. Na Mtae mabasi ya kurudi huondoka alfajiri sana, ulizeni saa jioni ile ile mnayofika.