Mkienda Saanane, babu na bibi wasibaki nyumbani

Kila Juni shule zikifungwa tunapanda basi Dar kwenda Mwanza kwa wazazi wangu, Nyegezi. Kwa miaka mingi ratiba yetu ya Saanane, kisiwa cha wanyama kwenye Ziwa Victoria jirani na mji, ilikuwa ileile: sisi na watoto tunakwenda kisiwani, wazee wanabaki na mizigo. Nilidhani nawaonea huruma. Baba ana magoti, na mama hapendi maji.

Mwaka juzi tulirudi jioni tumelowa. Tulikuwa tumeondoka saa nane mchana, jambo ambalo sirudii tena. Jua likishapasha nchi kavu joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani na mawimbi yanapanda. Wakati wa kurudi maji yalituingia botini, na mdogo wangu wa mwisho alitapika hadi Capri Point, upande wa mjini. Baba alitusikiliza tukisimulia, kisha akauliza taratibu, "Vile vizimba bado vipo?"

Kumbe aliwahi kupelekwa pale na shule yao, akiwa mtoto. Saanane ilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Hifadhi ya taifa imekuja kuwa mwaka 2013. Mimi binti yake nilikuwa sijawahi kusikia habari ya safari yake hiyo, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Usiku ule niliumia sana.

Mwaka jana tulikwenda wote, na nawashauri mfanye hivyo hivyo. Ondokeni asubuhi, saa tatu hivi, ziwa likiwa limetulia. Kipupwe cha Mwanza msikidharau, hasa kwa watoto wa Dar waliozoea joto: sweta kwa kila mtoto, kanga mbili za ziada kwa bibi, na uji kwenye chupa ya chai. Malipo yaulizieni mapema na pesa iwe kwenye simu, msije mkasimama na wazee getini. Boti ni dakika kama 10 tu, lakini kazi iko kwenye kupanda na kushuka. Mwombeni nahodha amshike mzee mkono kabla watoto hawajaanza kurukaruka, na kila mtu avae boya, babu akiwemo. Baba alikataa mpaka mjukuu wake wa kike, anayemwita "mke wangu", alipomfunga kamba mwenyewe.

Baridi ya asubuhi ina neema yake. Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, hawezi kutunza joto la mwili wake vizuri, kwa hiyo jua likichomoza hutoka kuliota juu ya mawe. Tuliwakuta kama kumi, wamebanana kwenye jiwe moja, mmoja amemlalia mwenzake mgongoni, macho nusu yamefumbwa. Pembeni mjusi dume, kichwa chekundu na mwili wa buluu, akipiga pushapu. Askari wa hifadhi alipowaambia watoto kwamba pimbi ni jamaa wa tembo, walimgeukia babu kwanza athibitishe. Hapo ndipo baba alipoanza kusimulia, na hata yule askari akanyamaza kusikiliza: walivyopangwa mstari wakiwa pekupeku, na jinsi simba alivyonguruma mara moja tu mwalimu wao akarudi nyuma kabla yao. Usimkatize mzee akifika hapo. Swala watasubiri.

Chakula kiwe cha bibi. Mama alifunga matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na Juni ndiyo majira yake. Ila mfuko ufungwe vizuri, tumbili wana mikono myepesi, na msiwape kitu.

Mama hakupanda miamba. Alibaki chini ya mti karibu na maji, na mwanangu wa kiume akakaa naye kwa hiari yake. Tuliporudi mwanangu alikuwa amejifunza kusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", na kuitikia, na matobolwa yamekwisha. Mkimwacha mzee chini, mwachieni na mjukuu mmoja.