"Run" si kukimbia tu

Mkuu, bosi akikuandikia "run the generator" anataka uiwashe na uiache ifanye kazi, hakuna mbio hapo. Bomba likimwaga maji, pua ikitoa kamasi, mtu akiendesha duka au akigombea ubunge, Mwingereza ana "run" hiyohiyo. Kamusi kubwa ya Oxford inaipa maana zaidi ya 600, tena kama kitenzi peke yake! Balaa lenyewe ni kile kijineno kinachoifuata: "run out of sugar", sukari imekwisha, "run into Juma", umekutana naye bila kutegemea, lakini "run into a wall", hapo umeugonga ukuta kwelikweli. Kwa hiyo usikariri "run" ikiwa peke yake, ikariri pamoja na mkia wake.